Inspekta Mbogo na Dundu wa Mchangani

Vijana wa Galbet, hasa ninyi mnaokaa kwenye baraza la yule fundi wa simu, najua mnaniita Dundu. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba ni kwa sababu mgongo wangu umeinama. Mwenzake akapinga, akasema ni kwa sababu ya koti langu jeusi. Mgongo wangu ni mzima, alhamdulillahi. Na koti nililetewa na mkwe wangu mwezi uliopita, wakati jina lina miezi mitatu sasa. Mkitafuta chanzo cha jambo, angalieni kwanza kipi kilitangulia. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yangu, na nimewapa bure.

Kazi yangu ilikuwa kufuata nyayo. Ngamia akipotea au akiibwa, mwenyewe alikuja kunitafuta, nami nilitembea nyuma ya zile alama siku moja, siku tano, mpaka nimwone mnyama au nimwone mtu. Wakati mwingine polisi waliniita. Watu waliniita Raad, yaani unyayo, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na baba yangu.

Sikuzaliwa na ufundi huo wala sikuusomea. Shule niliacha darasa la nne, siku lori la mbuzi lilipoharibika mbele ya darasa letu. Nilitoka kidogo nikatazame injini. Lori likapona, nikaondoka nalo. Baada ya hapo nimekuwa utingo, nimechimba visima, nimeoka mikate hapa Garissa mjini, na kuna mwaka niliuza vioo vya kujitazamia huko Mandera. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanyika. Hii ya nyayo peke yake ilinishika, kwa sababu kila asubuhi ilikuja na swali jipya.

Sasa, kabla sijafika kwenye dundu, lazima nipitie kwenye televisheni. Hapo ndipo penye aibu.

Kila Jumamosi, tukishamaliza swala ya alasiri, wazee wenzangu hubaki kivulini mwa msikiti wakizungumza habari za mvua na za siasa. Mimi huwaambia mgongo unaniuma, nikaenda kujinyoosha. Mmeshasoma hapo juu kwamba mgongo wangu ni mzima. Ninakokwenda ni nyumbani kwa binti yangu Halima, kwenye mto ulio mbele ya televisheni, kwa sababu saa kumi na nusu kinaanza *Kituo Namba Saba*.

Ninyi mnakijua hiki kipya. Mnakitazama kwenye simu, mkipitisha vidole sehemu msizozipenda. Mimi nakijua kile cha kwanza, cha miaka ile ya televisheni nyeusi na nyeupe. Inspekta Mbogo wa kwanza alikuwa mtu mnene, mwenye koti hata jua likichoma, na mfukoni mwake hamkukosekana karanga. Kila kesi iliishia namna moja. Aliwakusanya wote chumbani, akatembea kuizunguka meza akitafuna karanga moja moja, watu wakitokwa jasho, halafu akasimama na kusema: "Mwizi yumo humu chumbani." Na kweli alikuwemo. Hakuna siku hakuwemo.

Waliporudisha kipindi hicho upya mwaka huu, nilikasirika. Muziki ni uleule. Simu nyekundu ya mezani ni ileile, ingawa sasa haipigwi, wameiweka kama pambo. Lakini Inspekta Mbogo amekuwa msichana mwembamba anayetafuna chingamu. Nikaapa sitakitazama. Wiki ya pili nikatazama ili nijue wanaharibu namna gani. Wiki ya nne nilimfokea Halima kwa kuwasha mashine ya kusagia matunda wakati yule msichana anamhoji mganga.

"Aabo," Halima akaniambia, "mtu wa umri wako, tasbihi mkononi, macho kwenye bastola?"

"Natazama makosa yao," nikamjibu.

Na makosa yapo. Kuna sehemu moja walidai wako huku kwetu kaskazini. Udongo mweusi kama wa shamba la viazi! Ngamia alikuwa na tandiko la kupandisha watalii. Halafu akaletwa mfuata nyayo, mzee mwenye ndevu za kubandika, akapiga magoti, akachota mchanga, akaunusa. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Katika maisha yangu yote sijanusa mchanga. Mchanga unanuka mbuzi, basi.

Mkitaka kujua, kazi inafanyika hivi. Usitembee juu ya alama, tembea pembeni, jua likiwa mbele yako, asubuhi au jioni, ili kila shimo liwe na kivuli chake. Saa sita mchana kaa chini unywe chai, maana jua la utosini linafuta kila kitu. Usitazame unyayo ulio miguuni pako, tazama ule wa kumi mbele. Ngamia aliyebeba mzigo huzama zaidi. Anayevutwa na mtu hatua zake ni za kulazimishwa, na huchimba mchanga kwa ncha. Anayetembea kwa hiari yake huvuta mguu polepole na hula njiani, kwa hiyo tazama pia matawi. Siku hizi wafugaji hupiga picha ya unyayo na kunitumia kwenye simu: "Awoowe, babu, huyu ni ngamia wa nani?" Nitajuaje? Picha haina kilichotangulia wala kilichofuata. Wezi nao wanakuja na pikipiki na lori, na unyayo unaishia kwenye lami kama mtu aliyepaa mbinguni. Siwalaumu wanaotegemea simu. Ningekuwa kijana, hata mimi ningetaka kujua simu inavyomfuata mtu.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Gedi, mwenye jicho moja zima. Mwezi wa kwanza alinituma nifuate nyayo za mtu kutoka kisimani. Nilifuata toka alfajiri hadi karibu na adhuhuri, nikafika kwenye hema lake nimejaa majivuno. "Mtu huyu ni kiwete," nikamwambia, "mguu wa kulia." Mzee Gedi akavua kiatu chake cha kulia, akakikung'uta, kokoto ikaanguka kwenye mkeka. Akasema, "Unyayo ulikuambia mguu unauma. Ukiwete umeuongeza wewe."

Halafu akanipa jambo la pili, ambalo ningelishika lisingekuwepo la kuandika leo. "Ngamia jike akipotea, usiulize kwanza nani amemchukua. Uliza alizalia wapi."

Kwa ninyi mliokulia mjini: ngamia jike hapasahau mahali alipozalia, hasa kama ndama alifia hapo. Anaweza kuuzwa, akakaa kwa mwenyewe mpya mwaka mzima, halafu siku moja akainua shingo na kwenda. Hatoroki wala haibwi. Anakwenda kutazama.

Basi, turudi kwenye miaka ile. Kulikuwa na kituo kidogo cha polisi kwenye njia ya Habaswein. Nilikaa pale msimu mmoja nikiwafuatia nyayo, na jioni tulikusanyika kantini, ambako kulikuwa na televisheni ya betri ya gari. Hapo ndipo nilipomjua Inspekta Mbogo. Msimamizi alikuwa Koplo Mutua, Mkamba mmoja mcheshi aliyeogopa ngamia kuliko bunduki. Sikuwa nimewahi kuona mtu anaheshimiwa kama yule Mbogo. Mimi nilipomaliza kazi, watu walisema asante na kugeukia ngamia wao. Yeye alipomaliza, chumba kizima kilishika pumzi. Nilianza kununua karanga.

Siku moja tajiri mmoja wa ngamia akaja mbio. Jike lake zuri, alilolinunua mwaka uliotangulia, halionekani toka jana jioni. Nikatoka na Koplo asubuhi. Alama za ngamia zilikuwa wazi, zinaelekea kusini. Na pamoja nazo zilikuwepo alama za mtu, viatu vya tairi, njia ileile. Tukazifuata. Kabla ya adhuhuri tukamkuta mwenye viatu: kijana mfugaji, anaitwa Adan, amekaa kando ya kisima. Ngamia hayupo. Lakini mkononi ana kamba mpya.

"Sasa wewe, hii kamba ni ya nini?" Koplo akamwuliza.

"Ya ndoo, afande. Ya zamani imekatika."

"Ndoo iko wapi?"

"Imeangukia ndani. Ndiyo maana nimekuja na kamba."

Koplo akacheka. Mimi pia nilicheka. Mngekuwepo na ninyi mngecheka.

Tulimrudisha kituoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwomba Koplo awakusanye watu kantini. Tajiri, wachungaji wake, mpishi, polisi wawili, na Adan katikati kwenye kiti cha plastiki. Nikaizunguka meza. Nilikuwa na karanga mkononi. Nilitafuna moja, nikazunguka, nikatafuna nyingine. Nilieleza nyayo za ngamia, nikaeleza viatu vya tairi, nikainua kamba juu waione. Kimya kilikuwa kitamu, vijana, siwezi kuwadanganya. Halafu nikasema maneno yale ya Mbogo, nikamnyoshea Adan kidole.

Adan alikaa selo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili wachungaji wa kutoka kusini walileta habari: kuna jike geni limesimama kwenye bonde moja, limekataa kuondoka, hakuna mtu wala kamba. Ndipo mwenyewe wa kwanza akasema, "Ah, huyo alizalia hapo. Ndama alikufa."

Adan akaachiliwa. Nilimsubiri mlangoni nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Alinitazama, akaomba maji, akanywa, akasema, "Nyayo zilichanganyika. Binadamu hukosea, walaal, ndugu yangu." Akaenda zake. Watu wote wakasema hivyohivyo: zilichanganyika, hata Raad hakuweza. Baadaye wakasahau kabisa kwamba nilikosea.

Ila hawakusahau kamba. Mnajua desturi yetu: jina la utani likishamkaa mtu, lile la kuzaliwa hubaki kwenye kitambulisho tu. Mwenye kilema anaitwa kwa kilema chake, mwenye masikio kwa masikio yake, na hakuna anayekasirika. Kuanzia siku ile Adan akawa Kamba. Watoto wake wakawa watoto wa Kamba. Ukame ulipomaliza mifugo yake akahamia hapa Galbet, jina likawa limetangulia kufika.

Ndiyo, ni yeye. Mzee Kamba mnayemjua, anayewatengenezea vitanda.

Uzeeni tumekuwa marafiki. Kipindi kiliporudi upya, yeye ndiye niliyemtafuta, maana utamu wa kitu kama hicho ni kuwa na mtu wa kubishana naye. Kila Jumamosi anakuja, tunakaa juu ya mito, tunamtukana mkurugenzi wa kipindi kama mtu tunayemdai. "Huyo si mwizi," Adan husema kila mara polisi wakimkamata mtu wa kwanza. "Mwacheni, muulizeni vizuri." Hakosei. Mtu wa kwanza kukamatwa kamwe si yeye. Nilikuwa nikimwandalia chai, tende, mahamri. Karanga sikuweka hata siku moja, wala yeye hakuuliza kwa nini.

Miezi mitatu na ushee iliyopita, Jumamosi, kipindi kikiwa katikati, Halima akaingiza mgeni. Alikuwa mzee mrefu wa kutoka Habaswein, fimbo mkononi, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Haji Bare, akajitaja. Tukasalimiana kwa urefu: amani, watoto, mifugo, mvua, tena amani. Ninaona haya kuandika kwamba wakati wote huo jicho langu moja lilikuwa kwenye televisheni, kwa sababu yule msichana alikuwa anaanza kuwakusanya watu chumbani, na nilikuwa sijui kama mhalifu ni mfamasia au ni dereva.

"Na huyu ndugu?" Haji Bare akauliza.

"Adan, rafiki yangu," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu. Kwa kuwa hapa mjini hakuna anayemwita hivyo, mgeni hakushtuka.

"Nina jambo la siri kidogo, Raad."

"Sema. Huyu ni kama mimi."

"Kijana wetu anataka kuoa hapa. Binti anaitwa Fardosa. Tumeulizia, ana dini, ana elimu, ana adabu. Lakini babu yake ni mtu mnayemwita Kamba."

Hapo ningemkatiza. Nilifungua mdomo, na Adan akanifinya goti. Alikuwa anatazama televisheni kama mtu aliyemezwa nayo. Nikafunga mdomo.

"Sisi tunauliza," Haji Bare akaendelea. "Kamba ya nini?"

"Ya ndoo. Alishikwa nayo kisimani, miaka mingi sana."

"Alishikwa na nani?"

"Polisi."

"Hao polisi walionyeshwa na nani?"

"Na mimi."

Akaweka kikombe chini. "Basi hapo ndipo panapouma. Mimi nimeuliza watu njia nzima, kila kituo. Nimewaambia, nani mfuata nyayo hajakosea? Wote wanasema wewe. Sasa mtu hakosei miaka yote, anakosea kwa huyu Kamba peke yake? Raad, mimi mzee, wewe mzee. Yule ngamia alirudishwa kimya kimya, wakasuluhishana, ikasemwa ameenda mwenyewe. Si ndiyo?"

"Sivyo. Alikwenda mwenyewe."

"Wewe unamfunika jirani. Ni vizuri kumfunika jirani. Lakini mimi nitarudi nyumbani niseme nini?"

Hebu oneni nilipokuwa. Maisha yangu yote nilifurahia kuitwa mtu asiyekosea, na sasa sifa hiyo ndiyo iliyokuwa imemfunga Adan, ikamfunga na mjukuu wake. Kusema "nilikosea" kusingetosha. Mgeni hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini, kwa sababu haikuwa kweli. Na yule ambaye sikutaka aisikie kweli yenyewe alikuwa ameshika goti langu.

"Haji," nikasema, "sikukosea. Nilisoma vizuri. Nilisema kinyume cha nilichosoma."

Nikamweleza. Asubuhi ile, kabla hatujafika mbali na kituo, niliona mahali ambapo dundu alipita. Ninyi mnawajua wale madundu weusi: mchana wanajificha, usiku mchanga ukipoa wanatoka kutembea, na huacha alama nyembamba kama mshono wa cherehani. Mshono ule ulipita juu ya unyayo wa ngamia. Kwa hiyo ngamia alitangulia, jioni. Na kiatu cha tairi kilikuwa kimeukanyaga mshono, kimeukata vipande viwili. Kwa hiyo mtu alikuja nyuma ya dundu, asubuhi. Kati ya ngamia na mtu ulikuwepo usiku mzima. Hawakutembea pamoja. Mtoto wa mfugaji angeona. Nami niliona, nikainuka, nikamwambia Koplo, "Twende."

"Ulimwona dundu, ukanyamaza?" Haji Bare akauliza polepole.

"Nilimwona."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshanunua karanga," nikasema.

Haji Bare hakuelewa. Adan alielewa. Mkono wake uliondoka gotini kwangu. Na yule msichana mwembamba ndani ya televisheni akaacha kutafuna chingamu, akasimama, akawatazama watu wake mmoja mmoja, akasema kilekile ambacho Mbogo wote husema.

Adan alinyoosha mkono, akachukua rimoti, akazima. Akajifunga shuka yake vizuri, akasimama.

"Haji," akasema, "Kamba ni mimi. Twende kwangu unywe chai, hii imepoa. Na Fardosa anapika vizuri kuliko hawa."

Haji Bare aliruka kama amekalia mwiba, akaanza kuomba radhi kwa Kisomali na kwa Kiarabu kwa pamoja. Wakatoka. Adan hakunitazama.

Habari zilizofuata nilizipata kwa Halima: wazee wa Habaswein wamerudi wiki ileile, wamezungumza, harusi itakuwa baada ya Idi. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Lakini Jumamosi ikaja, nikakaa peke yangu. Televisheni sikuiwasha. Niliona kwamba kipindi nilichokuwa nakiibia muda msikitini hakina ladha hata kidogo bila mtu wa kusema "Huyo si mwizi." Jumamosi ya pili hali ikawa ileile. Halima aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia mgongo.

Jumamosi ya tatu, muziki wa mwanzo ukiwa unapigwa, nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni. Sikuhitaji kugeuka. Najua anavyokanyaga. Adan akaingia, akakaa kwenye mto wake, akatoa mfukoni pakiti ya karanga, akaipasua, akaiweka katikati yetu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mhasibu."

"Nani amekamatwa?"

"Mlinzi."

"Huyo siye." Akatafuna. Tulitazama mpaka kwenye matangazo. Hapo akasema, macho yakiwa kwenye tangazo la sabuni: "Siku kumi na moja mle ndani nilijiambia, yule mtu amekosea tu. Ndilo lililonipa usingizi. Wewe umeniondolea hata hilo."

"Nimekuondolea," nikasema. "Nisamehe."

"Nitaangalia." Akatafuna nyingine. "Lakini mimi nimechoka na kamba. Nimeibeba toka nikiwa kijana, haikuwa yangu hata, nilikuwa nimeiazima kwa shemeji. Kuanzia leo naitwa Adan. Na wewe utakuwa na jina la kazi yako."

"Raad ni jina la kazi yangu."

"Raad ni jina la kazi uliyoifanya. Nakupa la ile uliyoiacha. Dundu."

Halima alicheka jikoni kabla sijajibu, na mjini jina likishachekewa na mwanamke mmoja limeshafika sokoni. Adan akaongeza sharti moja: nije barazani kwenu, nisimame mbele yenu wote, nieleze toka mwanzo. Nikamwomba niandike badala yake, maana nikisimama mbele ya watu walionyamaza ninajijua, nitaanza kuizunguka meza. Akakubali, alimradi asome kwanza. Amesoma. Amefuta mahali pawili nilipojisifu, pa tatu amepasamehe.

Basi nimetimiza. Yule fundi wa vitanda anaitwa Adan. Fundishaneni jina hilo, na wadogo zenu muwafundishe. Hili la Dundu niiteni bila woga, nageuka nikilisikia.

Na mkimwona Adan Jumamosi alasiri akipita kwa haraka, shuka begani, msimsimamishe kwa salamu ndefu. Kipindi kinaanza saa kumi na nusu. Akichelewa hunilazimisha nimsimulie mwanzo wote, na kila nikifika mahali penye ushahidi huinua kidole, karanga shavuni, na kuniuliza: "Hapo hujaruka kitu?"